Kaaba Upande wa Shela

Mama alikuwa akiona kila kitu isipokuwa kile alichokitazama. Hivyo ndivyo alivyonieleza mwenyewe siku niliporudi Amu, mji wetu wa Lamu, baada ya kuzurura bara muda mrefu. Nilimkuta ameketi kitandani, akanigeuzia sikio badala ya uso, nikadhani amenikasirikia.

"Sikukasirika," akasema. "Nikikutazama wewe hupotea. Nikitazama mlango, wewe huyo, na shati lako bovu."

Daktari wa macho alikuwa amemwambia kuna doa katikati ya jicho, huko nyuma kabisa, na kwamba macho yote mawili yana doa lake. Doa hilo hukua. Kwake hakuna la kulizuia, na kilichokwisha kumezwa hakirudi. Mama alinieleza haya kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya samaki, halafu akaniuliza kama nimekula.

Mimi ni mtu wa kuondoka. Shule niliiacha darasa la saba, bila kufukuzwa na mtu. Nilitoka tu asubuhi moja kwenda kutazama jinsi injini ya mashua inavyofunguliwa, na kesho yake sikuona sababu ya kurudi. Tangu hapo nimekanda mikate Malindi, nimekuwa taniboi wa lori la Garissa, nimelima msimu mmoja Chundwa, nimepaka rangi hoteli za Shela. Popote nilipokaa nilijifunza kitu, na nilipokwisha kukijua nilihama. Wakati ninaouandika hapa nilikuwa nabeba mizigo ya abiria wa ndege, kutoka uwanja wa Manda hadi boti, na kutoka boti hadi mlangoni kwao. Nilijiambia ni kazi ya muda, kama nilivyojiambia kuhusu zote.

Kitu kimoja mama alikuwa hakiachi. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliwashiwa televisheni, ile stesheni inayoonyesha Makka moja kwa moja, akatazama watu wakitufu, wakiizunguka Kaaba. Kwenda mwenyewe hakuweza tena. Moyo wake ulikuwa umekatazwa ndege, na magoti yake hata ngazi za nyumba yetu yalizishuka kwa kujadiliana. Kwa hivyo alitazama. Lakini Kaaba kwenye televisheni yetu ni ndogo kama kiberiti, na doa lilikuwa limeshaimeza nzima. Alikuwa akiona kingo za televisheni, ukuta, waya na kitambaa cha kufunikia, na katikati hakuna kitu.

Dada yangu ndiye aliyeleta habari ya miwani. Yeye yuko Ghuba, analea watoto wa watu, na hutupigia simu kila anapopata nafasi.

"Mama," akasema siku hiyo, "leo nimesimama mbele ya Kaaba."

"Umekwenda umra hukunambia?"

"Sikwenda popote. Niko jikoni."

Mama akaitoa simu sikioni, akanipa. "Zungumza naye. Joto la huko limempanda kitwani."

Kumbe watoto wa nyumba ile walikuwa wamemvisha miwani yao ya VR. Wenye Kiswahili cha magazetini huiita miwani ya uhalisia pepe. Sisi nyumbani tuliishia kuiita dude. Unalivaa usoni kama wavaavyo wapiga mbizi, halafu popote unapogeuza kichwa upo mahali pengine. Dada alieleza huku akilia kidogo. Alisema aliinua kichwa kutafuta mwisho wa Kaaba, akaendelea kuinua.

Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Ni kubwa kuliko doa?"

Kutoka siku hiyo hilo ndilo lililokuwa mbele yetu: kumpata mama Kaaba iliyo kubwa kuliko doa, kabla doa halijawa kubwa kuliko Kaaba.

"Wewe ufunguaye redio za watu," dada akaniambia, "tafuta iliyo nzuri. Nitanunua mimi. Lakini linganisha kwanza. Usichukue ya kwanza uionayo, kama unavyooa."

Nikaanza kulinganisha. Nilikaa kwenye baraza la nyumba moja ya wageni ambayo intaneti yake naifahamu, nikatazama watu wa dunia nzima wakizisifu na kuzitukana miwani hizo. Mmoja mwenye ndevu alisema hii ni nyepesi lakini kioo chake kina ukungu pembeni. Mwanamke mmoja mwenye kucha ndefu akasema ukungu huo si kitu, tatizo ni mkanda kuharibu nywele. Kulikuwa na zinazotumia simu yako, zinazojitegemea, na zile za waya ambazo bila mashine kubwa ni kama kofia ya plastiki. Walipima upana wa kuona, uzito, betri, wepesi wa picha kufuata kichwa. Nilijifunza mengi na nilifurahi, kama ninavyofurahi siku zote na kitu kipya. Lakini wote waliozungumza walikuwa na macho mazima. Hakuna hata mmoja aliyesema mtu mwenye shimo katikati ya jicho ataona nini.

Basi nikaamua kulipima doa. Nilimwambia mama anyooshe mkono, akunje ngumi, aitazame.

"Waiona?"

"Naona mkono mpaka hapa," akasema, akijigusa kiwiko. "Kisha naona ukuta."

"Fungua vidole."

"Naona ncha ya kidole gumba. Na hiki kidogo."

Nikachukua miwani ya jua ya zamani, nikabandika tepu nyeusi katikati ya kila kioo, nikaikata hadi ngumi yangu mwenyewe ilipopotea. Nikatoka nayo nje. Nilitaka kulijaribu kila dude nikiwa nimeivaa kwanza, nione kama mama angeona. Watu wa mtaa wa Langoni hawakunihurumia.

"Bwana, hiyo miwani imekufa au wewe umekufa?" aliniuliza mwenye duka la simu.

"Napima macho ya mama yangu."

"Kwa kuziba yako?"

Alikuwa na haki ya kucheka, ingawa kwa sababu nyingine ambayo hakuijua. Ilinichukua muda kugundua kosa langu. Mimi niliweza kuzungusha jicho na kuchungulia pembeni mwa tepu. Mama hakuwa na pembeni pa kuchungulia. Jicho likienda kushoto, doa nalo limekwenda kushoto. Likiinuka, limeinuka nalo. Tepu yangu ilikaa mahali pamoja, doa lake lilimfuata. Niliitupa ile miwani baharini nikiwa kwenye boti, na nahodha akanikaripia kwa kutupa taka.

Dude la kwanza nililojaribu ni la waya, katika chumba cha michezo ambako vijana hulipia kucheza mpira wa televisheni. Mwenye chumba alikuwa nalo moja, amelifunga kwenye mashine yake. Picha zake sijaona mfano: nilisimama chini ya bahari, na papa akanipita nikajikunja sakafuni, vijana wakashangilia. Lakini dude lilitaka mashine, mashine ikataka televisheni, televisheni ikataka umeme usiokatika.

"Mlete mama hapa," mwenye chumba akaniambia. "Bure kabisa. Ni mama yetu sote."

"Aje hapa, na makelele haya?"

"Tutanyamaza."

"Nyinyi?"

"Wallahi tutanya—" na hapo mtu akafunga bao, chumba kikalipuka, naye akaruka juu pamoja nao.

La pili lilikuwa kisanduku cha plastiki cha kutia simu, kilichokuwa kikikusanya vumbi kwenye duka la yule aliyenicheka. Kilikuwa chepesi kama kikombe. Upana wake wa kuona ulikuwa mdogo, lakini nilipotia simu yangu na video ya Makka niliyoipakua, iliyopigwa na kamera ya kuona pande zote, nilijikuta nainua kichwa kama dada. Kaaba ilikuwa kubwa. Mwenye duka akaniambia nikichukue, nijaribu, nikirudishe nikitaka.

"Na ukikipenda utanilipa. Na mama akikipenda, nitakuja kukivaa na mimi."

Nilimwambia mama ajitayarishe asubuhi yake. Akaoga. Akatawadha. Akavaa nguo zake za kusalia zilizopigwa pasi, akajifukiza ubani kidogo, akaketi ukingoni mwa kitanda akielekea kibla, ambacho kwetu ni kaskazini, ule ukuta wenye vidaka vya kuwekea vitu. Mama hakuhitaji macho kujua kibla kiko wapi. Watu wa umri wake hapa Amu hujua pande za dunia ndani ya nyumba kama wanavyojua mkono wa kulia. Hukwambia sogeza sufuria upande wa kibla, au mtoto alale upande wa Shela, yaani kusini.

Nikamvisha dude juu ya mtandio. Akageuza kichwa kushoto, kulia, akarudi mbele.

"Naona minara," akasema. "Naona watu. Yenyewe i wapi?"

Sikuwa nimefikiri. Mimi nilipokuwa nikijaribu, nilikaa kwenye kigoda cha kuzunguka cha dukani, nikageuka nitakavyo. Aliyepiga ile video alikuwa ameelekeza mbele ya kamera yake kwenye minara, na Kaaba ikawa nyuma.

"Iko nyuma yako, mama. Geuka."

"Nyuma yangu wapi?"

"Huku. Upande wa Shela."

Alilivua dude polepole. "Tangu lini Kaaba ikawa Shela?"

Nilicheka, naye akacheka kidogo, lakini hakugeuka. Nikamweleza kwamba ndani ya miwani yeye hayuko Amu tena, yuko Makka penyewe, uani pa msikiti, na aliye pale kibla chake ni popote Kaaba ilipo. Nilidhani nimesema jambo la maana.

"Kitwa changu kiko Makka," akajibu. "Mwili wangu uko Amu. Siwezi kukipa kibla mgongo ili niione Kaaba. Nitakuwa naona nini?"

Hakuna hata mmoja kati ya wale wenye ndevu na wenye kucha aliyewahi kulizungumza hilo. Nikatafuta njia. Nikagundua kwamba simu huhesabu mbele kuwa pale ilipoelekea wakati video inaanza. Basi nikaianzisha nikiwa nimeigeuzia Shela, halafu nikaizungusha na kumvisha mama akiwa ameelekea kibla.

"Hiyo," akasema. "Hiyo, hiyo. Naiona juu. Naona mkanda wa dhahabu. Subhanallah. Katikati siioni, lakini naona imezidi."

Ilikuwa kubwa kuliko doa. Akaanza kuleta talbiya, ule wito wa mahujaji, kwa sauti ndogo. Nilisimama kando, mikono haina kazi, nikimtazama mtu anayetazama kitu ambacho mimi sikioni. Nilijiona nimeweza, mimi, ambaye sijawahi kumletea chochote zaidi ya nguo chafu.

Halafu kichwa chake kikaanza kwenda kulia. Kidogo sana. Kisha shingo. Kisha bega.

"Mbona yenda?"

"Nini kinakwenda?"

"Kaaba. Yenda. Yaenda Manda." Alijaribu kucheka. "Yaenda kupanda ndege?"

Kisanduku hakikuwa na akili yake chenyewe. Kilitegemea simu, na simu yangu ilikuwa imeanguka mara nyingi. Kila dakika ilisahau kidogo mbele ni wapi. Kwangu nilipojaribu haikunisumbua, maana nilikuwa nikizunguka mwenyewe. Mama alikuwa ametulia kama jiwe na Kaaba ikimtoka. Aliifuata kwa shingo hadi shingo ikafika mwisho, akasogeza nyonga, akarudi upesi alipotambua ameacha kibla. Nikataka kurekebisha. Akaniwekea mkono.

"Acha."

"Ni simu tu, mama. Inateleza."

"Acha, mwanangu. Kule mtu huenda akiitwa. Mimi siku zote nilikuwa sijaitwa. Sasa nimekwenda bila kuitwa, na imeondoka mbele yangu." Akavua dude, akaliweka kitandani kwa adabu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. "Nimekataliwa."

Nilisema yote niliyoyajua. Nilimweleza habari ya kifaa kidogo ndani ya simu kinachohisi mzunguko. Kila nilivyozidi kujua ndivyo nilivyozidi kutofaa. Alipokwisha kunisikiliza aliniomba nimletee maji, na alasiri ile hakuwashiwa televisheni.

Siku hizohizo nilipata kujaribu dude la tatu. Mgeni mmoja niliyembebea mizigo alikuwa amepanga nyumba Shela, akifanya kazi zake kwa kompyuta, na siku moja nilimwona barazani kwake akipiga ngumi hewani. Nilimngoja amalize, nikamuuliza bila haya. Akanivisha. Lile lilijitegemea, bila waya wala simu, na nje lilikuwa na kamera ndogo zilizotazama chumba na kukumbuka kuta. Nilimwomba aniwekee Makka. Nikasimama, nikatikisa kichwa, nikakaa, nikainama, nikangoja. Haikusogea hata unywele. Na kulikuwa na kitufe: ukikibana kwa muda, pale unapotazama ndipo panapokuwa mbele. Upana wake ulizidi kisanduku mbali sana.

Alinieleza kwamba liko la aina yake la zamani, zito mbele lakini lina kioo kipana, na liko jipya la bei nafuu, jepesi ila jembamba kidogo. Pia liko la kampuni nyingine ambalo ni zuri kuliko yote mawili lakini halipatikani huku. Nilimweleza habari za mama. Akalitia dude mkobani, akasema, "Mpelekee leo."

Nilirudi nalo Amu kwa mguu, kwa njia ya ufukweni, nimelikumbatia. Mama akakataa.

"Lirudishe kwa mwenyewe."

"Hili halitelezi."

"Na la kwanza ulisemaje?"

"La kwanza sikulijua."

"Mtu akifungiwa mlango mara moya haendi kuugonga na wa pili. Ni aibu."

Nilikaa na lile dude magotini hadi adhuhuri, nikalirudisha. Dada alipopiga simu, mama alimwambia asitume chochote. Dada akanigeukia mimi, akanipa maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Doa likoje?" Nilikuwa nimelipima asubuhi ile. Kidole gumba kilikuwa kimekwenda. Kile kidogo alikuwa akikiona bado.

Sijui ni nini kilichonipa wazo, labda ni ule ukaidi wangu wa kutaka kujua kila kitu kimeharibika vipi. Nilitafuta kwenye intaneti nikapata video ya watalii, imepigwa kwa kamera ileile ya pande zote, hapa hapa Amu, mbele ya gati. Nikakitoa kisanduku chini ya kitanda.

"Mama, hii si Makka. Hii ni hapa kwetu. Nitazamie tu kitu kimoja."

Alikubali kwa sababu ilikuwa ni Amu. Nikamvisha. Akaona gati, akaona punda, akasema yule punda amekonda. Alitazama pembeni mwa ngome ili aione ngome, kama alivyokuwa amejizoeza. Nikangoja, nikiomba simu yangu mbovu iharibike kama kawaida yake.

"Ala!" akasema. "Ngome yenda."

"Inakwenda wapi?"

"Upande wa Manda. Na gati. Na yule punda." Shingo yake ikaenda nao. "Mji mzima wahama!"

"Kwani Amu pia imekukataa?"

Alikaa na dude usoni akauacha mji umpite, hadi nadhani upande wa nyuma ulikuwa umefika mbele. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikaogopa, nikainama kumtazama, nikakuta anacheka, machozi yanamtoka chini ya plastiki.

"Basi si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Ni kibovu."

"Ni kibovu, mama."

"Kalichukue dude la yule mgeni wako."

Lakini yule mgeni alikuwa akiondoka. Nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyebeba mizigo yake siku ya pili yake. Nilimwambia kwenye boti. Alisikitika kwa dhati. Ndege ilikuwa ikingoja, na dude lilikuwa la kazini kwake, hakuweza kuliacha. Akanionyesha mkobani, kana kwamba nilitaka kuhakikisha. Nikautia mkoba huo begani, nikaupandisha kutoka boti hadi kwenye ndege. Ulikuwa mwepesi.

Dada akaagiza. Hapo nikamaliza kulinganisha, maana hakukuwa na nafasi tena: nikachagua lile la zamani lenye kioo kipana, nikaacha lile jepesi, kwa hesabu kwamba kila unywele wa upana ni unywele doa halijafika. Duka lilikuwa Nairobi. Likasema lipo, kisha likasema limekwisha, kisha likasema linakuja. Liliposafirishwa, basi likachelewa njiani, na mzigo ukakaa Mokowe, gati la upande wa bara, kwa sababu jina la mpokeaji lilikosewa. Kila siku nilimpima mama ngumi. Nilikuwa kama mtu anayekwenda gatini kutazama maji yakipanda, hana ndoo wala ukuta. Siku moja alinyoosha mkono na vidole vyote vimefunguliwa, akasema, "Usiniulize leo."

Dude likafika. Likataka akaunti, likataka intaneti, likataka kujisasisha, nikalifanyia yote. Ndani kwa mama lilikataa kufanya kazi, likaandika kwamba chumba kina giza, kamera zake hazioni kuta. Sikumwambia mama maandishi hayo. Nikasema tu tushuke kiwandani, ule uwanja wa katikati ya nyumba, penye mwanga. Jua la moja kwa moja huunguza vioo vyake, nalo nililijua, kwa hivyo nikaweka kiti chake penye kivuli, uso kwa kibla. Ngazi zilimchukua muda. Alikuwa na nguo zilezile za pasi, na ubani uleule.

Nilikaa mimi kwanza, nikaielekeza Kaaba kwenye kibla, nikabana kitufe, nikahakikisha. Kisha nikamvisha yeye. Lilikuwa zito, nikasimama nyuma yake nikilishika kwa mbele, kichwa chake kimeegemea kifuani pangu.

"Naona weupe," akasema. "Watu. Wazunguka."

"Na Kaaba?"

"Ngoja."

Nikangoja.

"Haikimbii," akasema. "Naona watu wazunguka mahali pamoya. Haikimbii yenyewe." Akajigusa kando ya macho. "Sasa ni mato yangu yakimbiao."

"Tazama mnara, mama. Ule wa kushoto. Usiitafute."

"Nimeutazama."

"Unaona nini?"

"Pembe." Mkono wake ukanishika kifundo. "Pembe moya. Nguo nyeusi, na dhahabu kidogo." Vidole vikalegea. "Imeondoka."

"Tazama tena mnara."

"Natazama."

"Bado?"

Niliendelea kulishika lile dude, mikono ikianza kuniuma. Sikuwa na kitufe cha kubana. Kila nilichojua kilikuwa upande wa nje wa kile kioo, na ndani yake huingia mtu mmoja tu. Midomo yake ilikuwa ikienda. Nilisikia akitutaja, dada na mimi, kwa majina yetu ya utotoni.

Baadaye akaligusa, nikamvua. Uso ulikuwa na alama ya plastiki kuzunguka macho.

"Vaa wewe," akasema. "Nambia."

Nikaketi sakafuni mbele ya kiti chake, nikavaa. Nikaanza kumwambia: kuna mzee anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kuna mwanamke amembeba mtoto begani, kuna njiwa. Kitambaa cha Kaaba kimepandishwa kidogo chini, na watu wanakigusa. Aliniuliza wanagusa kwa mkono upi. Aliniuliza kama mzee wa magurudumu amefika. Sijawahi kukaa mahali pamoja nikitazama kitu kimoja muda mrefu namna ile.

"Na wewe umeielekea?" akauliza.

"Nimeielekea."

"Nionyeshe."

Nikanyoosha mkono. Nikasikia vidole vyake vikishika bega langu, vikashuka kwenye kiwiko, vikapita kifundo hadi ncha ya kidole. Akatulia, akipima kibla kwa ukuta anaoujua. Kisha akausogeza mkono wangu kidogo, upande wa bara, kushoto kwetu, upana wa kidole tu.

"Hapo," akasema.

Akauacha mkono wake juu ya wangu, nami nikaendelea kumwambia.